Mgongo Alioapia Mwanatatu

Mwanatatu wa Mishomoroni, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ana macho makali kwa kitu kimoja tu: Jalila, mke mwenzake. Jalila akinunuliwa buibui, Mwanatatu anaijua bei. Jalila akikataa chakula, Mwanatatu ashahesabu miezi. Miaka kumi na minane alikuwa mke peke yake, hata siku moja mumewe Suleiman akarudi kutoka kazini Kipevu akamwambia ameoa tena. Kwa uchungu wake simlaumu. Namlaumu kwa ulimi.

Siku ya vugo la Rahima, binti wa mtaani kwetu, tukicheza ngoma hiyo ya arusi wanawake watupu, kidani cha dhahabu cha bibi arusi kiliibiwa. Mwanatatu ndiye aliyemwona mwizi, kwa nyuma, akitoka mbio chumbani na kidani mkononi. "Ni Jalila! Wallahi namjua!" Polisi wakaandika, Jalila akashtakiwa, kifungo kikawa kinamngoja. Hakuna aliyekumbuka, hata mimi niliyekuwa pale nikipiga pembe, kwamba wanawake wote arubaini tulivaa sare: leso za aina moja, tumejitanda kichwani na kujifunga kiunoni.

Mahakamani Mwanatatu aliapa kwa Msahafu. Wakili wa Jalila, Roseline, akamuuliza, "Mama, uso wake uliuona?"

"Uso wa nini? Mgongo ule naujua. Hunikata maini kila ukipita mlangoni pangu. Mwenye macho haambiwi tazama."

Wakili akatoa picha ya vugo iliyopigwa kutoka nyuma, akamwomba amwonyeshe Jalila. Mwanatatu hakusita. Aliweka kidole juu ya mwanamke wa katikati.

"Huyu. Mwone anavyojishika kiuno, anavyoringa. Mgongo huu ndio uliomtoa mume wangu akili."

Roseline akampa picha ya pili, iliyopigwa muda mfupi baadaye. Wanawake wale wale, wamesimama pale pale, ila sasa wamegeuka. Yule wa katikati, mkono kiunoni, alikuwa Mwanatatu mwenyewe.

Kesi haikufika mbali baada ya hapo. Jalila aliachiliwa, akamwangukia mamake akilia. Mwanatatu alibaki kizimbani ameishika picha ya kwanza, asimsikie karani akimwambia ashuke. Aliutazama mgongo wake mwenyewe. Kisha akamtafuta mumewe kwa macho kwenye mabenchi.

"Suleiman," akaita, mbele ya hakimu na sisi sote, "kwani wewe ulikuwa huoni?"