Mfalme Mdomo Upande na Kiti cha Dirishani

Saluni ninayonyolea, hapa Troyeville, Johannesburg, ina viti viwili tu. Kimoja kiko dirishani, kinapata mwanga tangu asubuhi. Kingine kiko ndani, karibu na sinki, na ndicho nilichopewa nilipofika kutoka Tanga nikiwa sijui hata mashine inashikwa upande gani. Cha dirishani kilikuwa cha kaka.

Namwita kaka lakini hatukuzaliwa pamoja. Yeye ni Mrundi, mtoto wa dada yake mzee mwenye saluni, na ndiye aliyenifundisha kazi. Alinishika mkono kama anavyoshikwa mtoto anayeanza kuandika, akaupitisha kichwani kwa mteja mmoja mvumilivu, akasema, "Usikandamize, mdogo wangu. Unanyoa mtu, hulimi." Tulikaa chumba kimoja kule mtaa wa La Rochelle. Baridi ya mwaka wangu wa kwanza ilinikuta na jaketi la mvua, basi. Blanketi lilikuwa moja, lake, na kila nikiamka asubuhi nilikuta sehemu kubwa imenilalia mimi.

Kwa hiyo mteja akiniuliza siku hizi kwa nini kiti cha dirishani kimefunikwa shuka, mimi naanza kupangusa kioo.

Inabidi nieleze habari ya umeme kwanza. Umeme wa Joburg ulikuwa na tabia ya kuondoka ukiwa umemnyoa mtu upande mmoja. Mashine za chaji nazo betri zao zilikuwa zimechoka, zinanguruma kidogo halafu zinalala. Hapo kila mtu saluni alikuwa na kazi yake. Kaka alichukua mkasi na chanuo, akamgeuza mteja wake dirishani na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mikono ile! Alipitisha mkasi sikioni kwa mtu na mtu akasinzia. Mimi mkasi ulinishinda. Kazi yangu ilikuwa kuwashikilia wateja waliobaki wasiondoke kwenda kwa Wanaijeria wenye jenereta.

"Weye, ongea!" mzee alikuwa ananiambia kutoka kwenye benchi lake. "Watu wanasimama!"

Basi naongea. Shule niliishia kidato cha pili, lakini maneno hayakuniishia. Niliwaeleza saluni nitakayofungua Sandton, kwa matajiri, yenye viti vinavyokanda mgongo na kijana wa kupokea makoti mlangoni. Walinicheka, lakini walikaa. Habari za mpira zilipoisha, na Sandton ikazoeleka, nikaanza kuwapa wafalme wa Poland.

Hao niliwapata kwa babu mmoja wa Kizungu wa Bez Valley. Wazazi wake walitoka Poland. Yeye alikuwa fundi wa lifti, alipanda na kushuka ndani ya maghorofa ya mjini mpaka alipostaafu. Nywele zilimbaki pembeni mwa masikio tu, lakini alikuja kunyolewa kama mwenye nywele kichwa kizima, na alinitaka mimi kwa sababu, alisema, yule mwingine ananyoa haraka mno na hajibu. Mkewe alishafariki. Nadhani alikuja kuongea, nywele zilikuwa nauli yake tu.

Kila alipokuja alinipa kipande cha ukoo mmoja wa wafalme wa zamani sana. Anasema ulianzia kwa fundi wa magurudumu, mkulima wa kawaida, aliyefanya karamu ya kumnyoa mwanawe kwa mara ya kwanza. Siku hiyohiyo wageni wawili walifukuzwa kwenye lango la mtawala, wakaenda kupiga hodi kwa fundi. Fundi akawakaribisha, na pombe yake kidogo ikawa haiishi mtungini. Mtoto aliyenyolewa siku hiyo, kizazi chake ndicho kilichokuja kutawala. Yule mtawala aliyefunga lango aliliwa na panya mnarani.

Niambie, kinyozi gani hatapenda hadithi hiyo? Ukoo wa kifalme umeanzia kwenye kunyoa!

Halafu majina yao ya utani. Mmoja Nywele za Kujikunja. Mmoja Ndevu, mmoja Kipara, mmoja Miguu Myembamba. Mmoja alikuwa mfupi mpaka wakamwita Kimo cha Kiwiko, na huyo ndiye aliyekuja kuiunganisha nchi ilipokuwa vipande. Nilipowataja siku ya kwanza, saluni nzima ikaanza kugawana majina. Fundi viatu wa nje akapewa Kipara. Mimi nikapewa Kiwiko, eish, kwa huu ufupi wangu. Hata kaka, ambaye kicheko chake ni cha nadra, alisimamisha mkasi hewani na kusema, "Na mjomba ni Ndevu," na mzee akazishika ndevu zake akacheka mpaka akakohoa.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe.

Umeme ulikatika mchana, watu benchi nzima. Wiki ile babu alikuwa amenipa kipande cha mfalme aliyeitwa Mdomo Upande. Nikakitoa kama nilivyokipokea, nikaongeza chumvi. Nikasema mfalme huyu alipoona anazeeka aliwagawia wanawe nchi, huyu huku na huyu kule, mkubwa akae mji mkuu awasimamie, ili wasije wakagombana. Hata maua hayajamnyaukia kaburini, nikasema, wakaanza kutafunana! Wana, wajukuu, vitukuu, karibu miaka mia mbili. Nikaigiza mmoja anamvuta mwenzake taji. Wateja hoi.

Mzee hakucheka. Alikuwa ameinamia miguu yake, ambayo siku hizo ilikuwa inavimba kwa kusimama.

"Na kama angempa mmoja tu?" akauliza.

Babu hakuwa ameniambia lolote kuhusu hilo. Ningeweza kusema sijui. Lakini benchi lilikuwa linanitazama, na umeme bado.

"Mmoja tu, mzee? Mambo yangekuwa sharp, safi kabisa!"

Neno lile lilinitoka kwa raha kabisa. Kaka alikuwa dirishani anamchonga mtu kisogo, wala hakugeuka.

Mzee alikuwa anahamia Durban kwa binti yake, hilo tulilijua. Tulijua pia mpango: kaka na kiti chake, mimi na changu, saluni yetu wote. Jumapili moja baada ya ibada yake akatuita saluni. Alikuwa ameita na mashahidi, fundi viatu na mama wa Kikongo anayeuza mitumba jirani. Kwao Warundi jambo zito halisemwi kavu. Mnakaa, kila mmoja anawekewa kinywaji, mwenye neno analitoa, na anayekunywa amelikubali mbele ya watu. Mimi kwa kuwa Mwislamu niliwekewa Fanta, na kaka bia.

Mzee akasema amefikiri sana. Nchi ikigawanywa inakufa, na yeye hataki saluni yake ife. Akasema anampa mmoja. Akanitazama mimi.

Kaka akauliza taratibu, "Mjomba, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Mikono yako inashinda ya huyu, kila mtu anajua. Lakini saluni inataka mdomo. Na nyinyi wawili mkigawana mtakuja kutafunana kama wale watoto wa mfalme. Atakuajiri huyu, mtafanya kazi. Kunyweni."

Nikanywa. Ningependa kusema nilisita. Ukweli ni kwamba niliona viti vya Sandton, vile vinavyokanda mgongo, na jina langu juu ya kioo, nikazidi kunywa. Fanta ilikuwa imefika nusu nilipoona bia ya kaka bado ina kizibo.

"Basi," akasema mama wa mitumba, hakunitazama. "Imekwisha nyweka."

Kaka hakugombana na mtu. Alifungua droo, akatoa mkasi wake na chanuo lake, akavikunja ndani ya taulo. Mlangoni akanigusa bega. "Washikilie wateja, mdogo wangu." Jioni yake alihamishia godoro lake kwa Mrundi mwenzake, mtaa wa pili. Blanketi aliliacha kitandani kwangu, limekunjwa.

Babu wa Poland alikuwa hospitali wakati huo. Alipopona alikuja na fimbo, akaona kile kiti kimefunikwa, akauliza yule wa haraka yuko wapi. Nikasema ameenda kujitegemea. Akakaa.

"Tulifika wapi na wafalme wangu?"

"Mdomo Upande amegawa nchi, wanapigana."

"Nilikuanzishia katikati," akasema. "Huyo ana habari kabla ya hapo. Alikuwa na kaka yake, wa baba mmoja. Baba yao aliwaachia nchi wote wawili. Mdomo Upande alikuwa hodari, watu wanampenda, akataka yote. Akamfukuza mwenzake. Baadaye kaka mtu akarudi, alipewa ahadi ya amani. Mdomo Upande akaamuru atobolewe macho."

Mashine ilikuwa nyuma ya sikio lake. Nikaiondoa kichwani.

"Halafu?"

"Halafu hakupata usingizi. Mfalme mzima alitembea peku mpaka kwenye makaburi ya watakatifu, akafunga kula, akalala majivuni, akalia mbele ya watu. Kwa hiyo alipozeeka akawagawia wanawe. Vitabu havisemi hivyo moja kwa moja, lakini mimi ndivyo ninavyoamini. Alishaona mmoja akichukua vyote inakuwaje. Mpango wake ulishindwa, sawa. Lakini alijaribu asizae Mdomo Upande mwingine."

Nikapuliza nywele kwenye mashine. Nikauliza tu, ili nisikie sauti yangu, mfalme wa mwisho wa ukoo huo aliishiaje.

"Ah, yule alijenga kwa mawe kila kilichokuwa cha mbao. Lakini hakuacha mtoto wa kiume wa kurithi. Taji likaenda kwa mtoto wa dada yake."

Nikazima mashine. Babu akauliza kama umeme umekatika. Taa ilikuwa inawaka juu yetu sote wawili.

Nilimpigia mzee Durban. Nilimweleza kwamba hadithi ile niliipata nusu, na lile la mmoja tu kuwa sharp nililitunga mwenyewe. Aliniambia nirudie, nikarudia. Kisha akasema, "Weye ulikunywa mbele ya watu. Mimi siwezi kulitapisha. Kama unataka kurudisha, nenda na mashahidi, mpe kinywaji. Akikunywa, ni nusu kwa nusu kama zamani. Asipokunywa, saluni utakaa nayo."

Fundi viatu alikubali mara moja. Mama wa mitumba alinipigisha magoti.

"Weye mutoto, ile siku ulikunywa kama ngamia," akaniambia huku anakunja suruali za watu. "Leo ndiyo unaona kiu ya mwenzako? Niko na kazi mingi."

Lakini akaja, amebeba mfuko wenye bia na Fanta, akilalamika njia nzima mpaka La Rochelle.

Kaka ananyolea nje, kando ya spaza moja, kiduka cha mtaani, chini ya turubai la bluu. Ana kiti cha plastiki, kioo kimefungwa kwa waya kwenye uzio, na mkasi wake. Mashine hana, maana zilikuwa za saluni. Watu walikuwa wamepanga foleni. Ndiyo, foleni, na hakuna aliyekuwa anawapa hadithi. Nilifurahi kuiona, halafu nikaona aibu kwa kufurahi, kama vile nilikuwa natafuta kitu cha kunipunguzia hatia.

Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Troyeville. Nikafungua mdomo.

"Kuna wateja," akasema kaka. "Kaa nyuma ya yule mwenye kofia."

Tukakaa, mama kwenye kreti, fundi viatu kwenye tofali. Zamu yangu ilipofika nikaketi kwenye plastiki. Akanifunga kitambaa shingoni, akakilegeza kidogo, kama alivyonifundisha. Ndipo nikamwambia yote. Nusu ya hadithi, neno langu la uongo, macho ya yule kaka wa mfalme. Nikamwambia kiti cha dirishani hakijakaliwa na mtu. Nikamwambia mama ana bia kwenye mfuko, na mashahidi ndio hawa, na ni nusu kwa nusu.

Mkasi uliendelea. Chap, chap, chap.

"Na yule kaka," akauliza hatimaye, "alipotobolewa, alimwambia nini mwenzake?"

"Babu hajaniambia."

"Kamuulize. Usitunge."

"Sitatunga, kaka."

Akaja mbele yangu kunisawazisha nywele za kipaji cha uso. Mkono wake mmoja ukanifunika juu ya nyusi, nywele zisiniingie.

"Fumba macho."

Nikafumba. Nywele zilinidondokea mashavuni na sikuthubutu kuzipangusa. Nikamsikia mama anachakura mfuko, chupa zinagongana, na najua alikuwa anamnyooshea bia, kwa sababu mkasi ulisimama. 

"Iweke kivulini, mama," akasema kaka. "Isipate joto. Bado nina watu."

Kisha mkasi ukarudi kwenye kipaji changu, polepole, na mimi nikabaki nimefumba.