Malo, Piny

Bango la kupimia macho katika zahanati yetu, huku karibu na Sori, limebandikwa ukutani likitazamana na benchi la wagonjwa wa kisukari. Lina herufi moja tu, E, iliyochorwa mara nyingi, kubwa juu, ndogo chini, kila moja imegeukia upande wake. Huhitaji kujua kusoma. Unanyoosha vidole vitatu kuonyesha E imeelekea wapi. Aliyelibuni aliwafikiria watu ambao hawakwenda shule. Benchi hakulifikiria.

Mama amekaa kwenye benchi hilo kila mwezi kwa miaka tisa. Mimi nilikuja kuliona nikiwa nimechelewa.

Mama ni fundi wa nguo. Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani na digrii bila kazi, na kwa kukosa la kufanya nikawa nahoji kila kitu, hadi akasema chuo kimenifundisha kuuliza tu. Siku moja mteja alirudisha sare ya shule aliyomshonea mtoto wake. Aliikunjua mbele yetu akacheka.

"Fundi, huu mfuko ni wa kuwekea goti?"

Mfuko wa kushoto ulikuwa umeshuka kuliko wa kulia, umepinda. Mama aliupapasa. Mteja alipoondoka nikamuuliza kama amepimwa macho.

"Nimepimwa, nyathina. Kila kliniki. Angalia kitabu."

Nyathina ni mwanangu, na akiniita hivyo najua mjadala umefungwa. Niliangalia kitabu chake cha kliniki. Macho: sawa. Macho: sawa. Ukurasa baada ya ukurasa, sawa.

Kliniki iliyofuata nilikwenda naye. Akina mama walikuwa wamejaa kwenye benchi, na kwa vile foleni ilikuwa haisogei, walikuwa wanaimba bango kwa kucheka, vidole vitatu hewani: malo, piny, koracham, korachwich. Juu, chini, kushoto, kulia. Wanaimba kama kwaya inayojiandaa kwa Jumapili.

Zamu ya Mama ilipofika, muuguzi alimfunika jicho la kulia. Vidole vya Mama vilikuwa vinageuka kabla fimbo ya muuguzi haijagusa herufi. Muuguzi akachukua kalamu aandike.

"Sista," nikasema, "amejibu kabla hujamwonyesha."

Mama mmoja mnene kwenye benchi akaangua kicheko. "Msomi! Umetumwa na serikali?"

"Sukari inaharibu nyuma ya jicho," nikaendelea. "Hilo bango linaonaje nyuma?"

Nilitegemea muuguzi anifukuze. Aliweka kalamu chini. "Haliwezi. Kamera ya kupiga picha nyuma ya jicho iko upande wa Homa Bay. Mimi nimepewa bango."

"Basi kwa nini huwaambii waende?"

"Ninawaambia kila mwaka, nendeni mkapimwe macho. Wote wananijibu wameshapimwa."

Nilitaka mtu wa kumlaumu, na hapo nikakosa. Muuguzi alisema kupimwa akimaanisha kamera. Wao walisikia kupimwa wakaelewa bango. Hakuna aliyedanganya. Neno moja lilikuwa limekula miaka tisa, na mpaka leo sijui hasira hiyo niipeleke ofisi gani.

Tulikwenda Homa Bay. Tuliondoka alfajiri, tukafika, na karani wa kituo cha macho akatuambia bila kuinua kichwa kwamba kamera imepelekwa Mbita kwa siku tatu.

"Imewafuata wananchi mashinani," alisema.

"Sisi ndio mashinani," nikamjibu. "Tumeifuata huku."

"Rudini wiki ijayo."

Nje Mama alikaa kwenye ukingo wa saruji akavua viatu. "Angalau huko Mbita inafanya kazi," alisema. Uvumilivu wake uliniudhi kuliko karani. Nilimwuliza kama anaelewa kwamba kwa macho yake wiki ni wiki. Alisema anaelewa, ndiyo maana anapumzisha miguu, kwa sababu wiki ijayo itatembea tena kuja huku.

Wiki iliyofuata kamera ilikuwepo. Walimtia matone ya kupanua mboni, tukasubiri, wakampiga picha. Ilikwisha upesi hata nikaona aibu kwa niaba ya nchi nzima. Daktari alitazama skrini muda mrefu kuliko kamera ilivyochukua. Jicho la kushoto lilikuwa limevuja damu kwa ndani, na sehemu kubwa ya kilichopotea haitarudi. La kulia limeanza, lakini linaweza kuokolewa kwa mionzi ya leza ikiwa haitachelewa.

"Mama, hukuwahi kupimwa?" aliuliza.

"Nimepimwa kila mwezi, daktari. Miaka tisa."

Daktari alinitazama mimi. Nikampa kitabu cha kliniki.

Mionzi nayo ina foleni. Tulipewa tarehe ya mbali, na kabla haijafika, siku ya kliniki ikafika. Mama alipoitwa mbele ya bango aliligeuzia mgongo. Akawaangalia wenzake, akanyoosha vidole vitatu, akapita mstari hadi mstari bila kukosea, mpaka zile E ndogo za mwisho. Benchi likaitikia kwa kelele, malo, piny, likapiga makofi.

"Sista," Mama alisema, "sasa niandikie sawa."

Makofi yakafifia. Yule mama mnene alifunika jicho moja kwa kiganja, akanitazama.

"Msomi, hayo madoa meusi kwenye shati lako ni ya nini?"

Shati langu lilikuwa jeupe, limetoka kufuliwa.

Muuguzi aliandika barua za kwenda Homa Bay mpaka fomu zikaisha, kisha akachana kurasa za daftari. Ya kwanza ilikuwa ya mama huyo. Sijui kamera itakuwa wapi siku watakayofika. Nimepiga simu kuuliza, naambiwa nipige tena.

Mama amerudi kwenye cherehani. Kila asubuhi anajifunika jicho la kushoto kwa leso na kutia uzi kwenye sindano kwa lile lililobaki. Tarehe ya mionzi bado wiki sita. Wiki iliyopita uzi ulikuwa unapita kwa jaribio la pili. Leo lilikuwa la tano, na aliponiona namtazama alisema uzi wa siku hizi ni mbaya.