Niliandika "Shamba hili halina dawa", mboga zikaanza kuondoka

Wakuu, salaam. Walionizidi umri shikamooni, na najua humu ndani karibu wote mmenizidi.

Huu ni uzi wangu wa kwanza. Huwa nasoma tu nyuzi za watu, nacheka peke yangu, nazima simu. Mimi ni mtu wa aibu. Darasani hata nikijua jibu sinyooshi mkono.

Nipo form three, shule ya kutwa, huku Kharumwa. Haya yote nilikuwa nayaandika kwenye daftari langu kila siku, kwa hiyo chumvi sijaongeza. Na pale nilipofanya ujinga nitasema ni mimi.

Ila wakuu nimechoka. Watu wazima wanachosha!

Mama yangu mtaani wanamwita Mama Kulwa. Kulwa na Doto ni kaka zangu mapacha, wako Mwakitolyo kwenye maduara, yale mashimo ya machimbo, wanatafuta dhahabu. Mimi nilizaliwa baada yao, na kwetu Wasukuma anayefuata mapacha ni Shija. Ndiyo mimi.

Mama alilima pamba miaka mingi. Kupulizia dawa alikuwa anapulizia mwenyewe, bomba mgongoni, kanga imefungwa puani, basi. Siku moja akaanguka palepale shambani, akatapika mpaka tukajua tumempoteza.

Alipona. Ila tangu hapo hataki hata kusikia harufu ya dawa. Na kinachomtia hasira zaidi ni kwamba kuna watu dawa ileile ya pamba wanaipiga kwenye mchicha na nyanya, kesho yake hao sokoni.

Basi akapata mafunzo ya kilimo hai kanisani. Mjini mnaita organic. Samadi, majivu, mwarobaini uliotwangwa, hakuna sumu ya dukani.

Akakusanya kaya kumi na mbili za mtaani, Wakristo na Waislamu, wenyeji na wageni. Makubaliano yakawa hivi: Jumatano kila kaya inaleta mtu shambani, kupalilia, kubeba samadi, kumwagilia. Jumamosi jioni kila kaya inakuja na kapu lake. Kikivunwa kingi mnagawana kingi, kikivunwa kidogo mnagawana kidogo. Hakuna kuuza.

Ardhi siyo yetu, ni ya Mzee Masalu. Iko bondeni, kisima kipo hapohapo. Alitupa kwa mdomo tu, na sharti moja.

"Mama Kulwa, ardhi yangu itoe chakula. Jumamosi tatu mfululizo nikiona makapu yanaondoka matupu, nampa mwenye karasha."

Kwa wasiojua, karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Kuna bwana mmoja alikuwa ameshakuja mara mbili kuliulizia hilo eneo. Sasa fikiria karasha na zebaki yake pembeni ya kisima. Hapo hata ukirudishiwa ardhi baadaye, utalima nini?

Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri. Chinese, mchicha, nyanya chungu, nyanya, bamia. Kapu linajaa mpaka majani yananing'inia nje. Mama alikuwa anatembea kama mtu aliyechaguliwa uenyekiti.

Halafu watu wakaanza maneno. Eti mboga gani zinanawiri hivi bila dawa, hawa lazima wanapuliza kwa siri.

Mama Rehema akakasirika. Huyu ni mwanachama wetu, asili yake Tanga, ana duka la vitenge, na mdomo wake hauna breki.

"Mama Kulwa, watu wanatusema na wewe umekaa kimya! Andikeni kibao, kila anayepita asome."

Mwandiko mzuri nyumbani ni wangu. Nikatafuta ubao, nikapata rangi nyekundu iliyobaki kwenye kopo, nikaandika kwa herufi kubwa:

SHAMBA HILI HALINA DAWA

Nikatazama, nikaona kama kibao kinagomba. Mimi nimelelewa kukaribisha watu. Nikaongeza chini:

KARIBUNI

Tukakisimika upande wa njia, ile wanayopita wachimbaji wakienda na kurudi kazini.

Wakuu, kuna watu hapo wameshaelewa kosa langu. Sisi tulipita pale kila siku, watu wazima wa kaya kumi na mbili, wenye akili zao, na hakuna aliyeelewa.

Jumamosi ya kwanza baada ya kibao, Chinese nusu tuta haipo. Mama akasema labda mbuzi.

Mbuzi gani anachuma majani makubwa anaacha madogo?

Kapu la kila mtu likatoka na viganja viwili vitatu vya mchicha. Mzee Masalu alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake. Kwake viganja viwili ni sawa na kapu tupu. Akasema, "Moja."

Jumamosi ya pili, nyanya chungu zimeisha. Nyanya zimebaki za kijani. Bamia hakuna. Kaya tano zilirudi nyumbani na kapu kama lilivyokuja. Mzee akasema, "Mbili," akaondoka bila kuaga.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ningesema watu walituonea huruma, ila ningekuwa naongopa.

Walianza kumsema Mama. Eti anavuna alfajiri anapeleka mgodini. Eti ndiyo maana shamba liko karibu na njia. Kuna mama mmoja alisalimiwa na Mama kisimani akajifanya anakoroga maji kwenye ndoo. Maji matupu, anakoroga!

Mama alipika, akatupakulia, yeye hakula. Nilikiandika hicho kwenye daftari na nikakipigia mstari.

Jumanne ile nikaamka mapema nikamwagilie kabla ya shule. Kulikuwa kumeshapambazuka. Nikamkuta kaka mmoja, mwanaapolo, ndivyo tunavyowaita wachimbaji huku. Buti zimejaa udongo, tochi ya kichwani bado inawaka. Amechuchumaa kwenye Chinese, anachuma taratibu kabisa, kiroba kimefika nusu.

Nilitakiwa kupiga kelele za mwizi.

Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba mdogo wangu. Na wewe umekuja kuchuma?"

"Hapana. Kumwagilia."

"Ahaa, kumbe wewe ndo wa hapa! Hongereni bwana. Mboga zenu laini, hazina ule ukakasi wa dawa. Kambi nzima siku hizi tunakula hizi."

"Kambi nzima?"

"Kambi nzima. Mpishi wetu anawaombea kabisa."

Nikajikaza. "Kaka, hili shamba ni la watu."

Akasimama. Na wakuu, yule mtu alishangaa kweli, hakuwa anaigiza. Akanyoosha kidole kwenye kibao.

"Si mmeandika wenyewe halina dawa?"

"Ndiyo. Halina dawa."

"Sasa? Mashamba ya huku sisi tunayaogopa. Kuna jamaa yetu aliingia kwenye mahindi ya mtu, akaganda palepale na hindi mkononi, mpaka mwenye shamba alipokuja kumfungua. Nyie mkatutangazia la kwenu halijazindikwa. Na karibuni mkaweka! Tukasema hawa watu wa dini, wametoa sadaka."

Nikasoma kile kibao upya kama naona mwandiko wa mtu mwingine.

Dawa. Mimi niliandika dawa nikiwa nawaza bomba la mgongoni. Wao walisoma dawa ile nyingine, ya kumnasa mwizi. Yaani niliwaambia wapita njia wote wa Kharumwa: humu ukiingia hakuna kitakachokupata.

Yule kaka akaangalia kiroba chake, akaniangalia, akaona haya kidogo. Akatoa fungu moja la Chinese akanipa.

Alinigawia mboga zetu.

Na mimi nikasema asante.

Msinicheke. Au chekeni, nimeshazoea.

Siku nzima sikumwambia mtu. Nilikuwa naogopa, kwa sababu kosa lilikuwa mwandiko wangu. Nilitamani watu waendelee kuwalaumu wezi wasiojulikana. Nimesema nitakuwa mkweli, basi huo ndiyo ukweli, nilimwacha Mama asemwe siku moja zaidi.

Jumatano jioni nikatoka shule nikaenda shambani. Kazi hakuna anayefanya, majembe yamelala chini. Mama Rehema amesimama katikati.

"Mama Kulwa, mimi sina unafiki, nakuuliza mbele ya watu. Mboga unapeleka wapi?"

"Sijapeleka popote, Mama Rehema."

"Basi zina miguu!"

Watu wakacheka. Mama akainamisha kichwa, akaanza kufungua fundo la kanga na kulifunga, kulifungua na kulifunga.

Sijui sauti ilitoka wapi. Nikasikia mtu anasema, "Ni kibao." Kumbe ni mimi.

Nikaeleza yote. Kwa kigugumizi, macho chini, lakini niliyasema yote, hadi ile shikamoo na lile fungu la Chinese.

Halafu baba mmoja anayeitwa Baba Neema, fundi pikipiki, akasema, "Gashi!" Ndiyo kumbe hiyo kwa Kisukuma. Akaanza kucheka mpaka akashika magoti. Wengine wakafuata.

Mkadhani yameisha? Hayakuisha. Wakaanza kubishana.

Mama Rehema: "Rahisi. Futa hilo 'halina', andika 'lina dawa kali'. Uone kama ataingia hata panya."

Baba Neema: "Mkiandika lina dawa, mimi wa kwanza kutoka. Nina mtoto wa mwaka mmoja, nilikuja hapa kukimbia dawa."

"Hiyo dawa siyo ile dawa, Baba Neema!"

"Mke wangu akisoma atajuaje ni ipi? Ataniuliza mimi?"

Mwingine akasema basi tusiandike tu, tumlete mtaalamu alizindike kwelikweli. Mama akasema akija huyo mtaalamu yeye anaacha jembe siku hiyohiyo. Mwingine akataka tuandike yote mawili, "halina dawa ya wadudu ila lina dawa ya wezi." Wakuu, walibishana mpaka jua likazama. Tuta moja halikupaliliwa. Kaya saba zikasema zimejitoa.

Zilibaki tano, pamoja na yetu.

Nikachukua ile rangi nyekundu bila kumuuliza mtu. Nikafuta maneno yote kwa udongo na mafuta ya taa. Nikaandika:

HALINA SUMU. LINA WENYEWE.

Karibuni sikuweka. Iliniuma kidogo, ila sikuweka.

Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi tulipeana zamu za alfajiri. Baba Neema na pikipiki yake, Mama, mimi kabla ya shule. Mama Rehema naye alikuja, na kiti chake cha plastiki na chupa ya chai. Ndiyo, hakujitoa. Wanaapolo walipita, wakasoma, wakaendelea na safari. Yule kaka alinipungia mkono. Nikampungia.

Sasa Jumamosi yenyewe. Tatizo, Chinese zilikuwa bado ndogo, na kapu tupu ni kapu tupu.

Mama akazunguka shamba mara mbili. Akasema tuchume matembele ya kwenye mpaka, majani ya maboga yanayopanda uzio, na mgagani na mlenda uliojiotea. Hivyo viwili tulikuwa tunaving'oa kila Jumatano tukiviita magugu. Wezi hawakuvigusa, walikuwa wamezoea mboga nzuri.

Makapu matano yakajaa, mpaka yale majani yakaning'inia tena.

Mzee Masalu akaja. Akachungulia kila kapu, akaingiza mkono mpaka chini kuhakikisha hatujaweka nyasi. Akageukia kibao. Mzee hasomi.

"Shija, hapo umeandika nini tena?"

Nikamsomea.

"Wenyewe ndo nani? Mbona nawaona watano tu?"

Mama Rehema akanyanyua kapu lake akaliweka kichwani.

"Ni sisi hawahawa, Mzee. Wewe hesabu makapu, watu tuachie wenyewe."

Mzee akamtazama, akamtazama Mama. Akasema, "Nhana gete, yamejaa," yaani ni kweli kabisa. Akamchukulia mkewe fungu la mgagani, akaondoka. Hakusema tatu.

Yule bwana wa karasha nasikia amepata eneo upande mwingine, mbali na kisima.

Lakini wakuu, mpaka leo hakuna mtu hata mmoja aliyemwomba Mama msamaha. Hata mmoja! Wawili kati ya wale saba wamerudi, wamekuja na makapu yao kana kwamba walikuwa safari. Mama Rehema ndo kwanza analalamika kapu lake lina matembele mengi. Na Mama anawapimia wote sawasawa, anawauliza watoto hawajambo. Mimi nasimama pembeni nachemka.

Nilichojifunza: ukiandika kitu cha kusomwa na watu, msomee kwanza mtu asiyefikiri kama wewe. Na ukiwa na cha kusema cha kumwokoa mtu, usikae nacho hata siku moja kwa sababu ya aibu. Ile siku moja ya Jumanne bado inanisumbua kuliko kibao.

Naombeni maoni. Hasa mniambie, wale waliomsema Mama niendelee kuwaamkia, au nipite kimya? Mama anasema niamkie. Mimi shikamoo nilimpa hadi mwizi, lakini kwa hawa inakwama kooni.