King'ora Kililia Saa Nne

Nawaeleza haya ingawa bado naona aibu. Nilikuwa nimeanza kazi ya kufagia ofisi katika shamba la majani chai karibu na Roret. Hakuna aliyeniuliza jina. Mama Chebet wa jikoni peke yake ndiye aliyenisemesha, saa nne: "Kijana, kunywa chai kabla haijapoa."

Asubuhi moja nilitamani sana saa nne ifike. Nikagusa skrini ya ofisini inayopiga king'ora cha kazi ili nione saa, ikafungua mahali pa kuirekebisha. Nikaogopa kuuliza mtu. Nikaandika nne, kama marehemu baba alivyoweka saa yetu ya ukutani. Skrini ikauliza AM au PM. Nikachagua PM, nikidhani ndiyo ya mchana, kwa sababu jua lilikuwa limewaka.

Kumbe kwa mashine hiyo ni saa kumi jioni! King'ora cha kwenda nyumbani kikalia, na wachumaji wakateremka wakiimba, vikapu vikiwa nusu.

"Nani amemaliza siku asubuhi?" msimamizi akafoka.

"Ni huyo kijana wa kufagia," karani wa ofisi akajibu.

"Anaitwa nani?"

Hakuna aliyejua jina langu, hata Mama Chebet. Ikabidi nijitaje mwenyewe.