Velma na Maji ya Mwilini

Velma Nyagaka alichuma majani ya chai kwa miaka kumi na minane katika shamba kubwa nje ya Kericho. Moyo wake ulipoanza kuchoka, alidhani ni baridi ya asubuhi imemwingia kifuani. Akaendelea kuchuma wiki mbili huku akihema, mpaka wenzake wakambeba. Hospitalini aliambiwa moyo umepanuka na hausukumi damu vizuri, kwa hiyo maji yatakuwa yakijaa mwilini, na dawa atameza maisha yake yote.

Sasa anaishi karibu na Chepseon na mumewe, Jackton, wakiwa na chai kidogo na ng'ombe mmoja. Muuguzi alimwambia ajipime uzito kila asubuhi, lakini mzani hana. Ikabidi ajifunze mwili wake mwenyewe, polepole, kwa kukosea. Akiamka hubonyeza muundi kwa kidole gumba na kutazama kama shimo linajaa upesi. Viatu vya plastiki humbana kabla macho hayajaona uvimbe. Mito miwili kitandani ni kawaida. Akitamani wa tatu, ipo shida. Na kutoka zizini hadi barabarani hupumzika mara moja tu, penye mkaratusi.

Ni kazi isiyo na likizo. Kuna asubuhi hutamani kuamka kama watu wengine, asiulize mguu wala pumzi. Jackton si mtu mbaya, lakini alikuwa akimwambia kwamba anautafuta huo ugonjwa, na siku nyingine Velma alikubaliana naye.

Julai iliyopita, Jumanne moja, alipumzika mara mbili njiani. Jumatano ikawa mara tatu, na alipolala kikohozi kikavu kikamwinua. Tarehe yake ya kliniki ilikuwa bado wiki mbili. Jumamosi jirani yao, Chepngetich, alikuwa anamwoza binti yake, na Velma alikuwa ameahidi kusaidia kupika. Siku hizo mbili hakumwambia mtu, akitumaini itapita. Alhamisi akaenda kwenye zahanati.

Daktari wa zamu, kijana aitwaye Kipkurui, alimpima presha akasema iko sawa, arudi tarehe yake ikifika. Velma akainuka. Alikuwa amechoka kiasi kwamba kukubali kulikuwa rahisi kuliko kubishana. Alipofika mlangoni akarudi, akaketi, akavua kiatu.

"Daktari, mashine yako ni sawa," alisema. "Lakini huu mwili mimi ndio ninaishi nao. Hebu bonyeza hapa."

Kipkurui akabonyeza. Shimo likabaki. Akachukua kifaa chake cha kusikilizia pumzi, akamsikiliza mgongoni kwa muda mrefu.

"Imeanza lini?"

"Jumanne."

Akamwambia maji yameanza kuingia kwenye mapafu, na kwamba wengi huletwa wakati hawawezi hata kuongea. Akamwongezea dawa ya kutoa maji, akamtaka arudi Jumatatu. Kisha akamuuliza alijuaje. Velma akamweleza habari za mito na za mkaratusi, naye akaandika yote kwenye faili. Velma hakuona fahari yoyote. Alitaka kwenda kulala.

Siku mbili zilizofuata alizimaliza kwenye njia ya choo. Jumamosi hakwenda kupika. Jackton alibeba viazi mwenyewe hadi kwa Chepngetich, na jioni Chepngetich alipomletea Velma sahani ya wali, alimweleza jinsi mzee wake alivyosimama mbele ya akina mama wote akasema mke wake ni mgonjwa wa moyo na amepumzika. Velma akamwomba arudie. Kwa miaka sita ya ugonjwa huo Jackton alikuwa akiwaambia watu ati mkewe anajisikia vibaya tu.

Jumapili baada ya kanisa Jackton alikuja akasimama kando ya kitanda, kofia mkononi.

"Mama Ogeto," alimwita kwa jina la mtoto wao, "leo mwili unasemaje?"

Velma akajisogeza kwenye mito yake.

"Unaendelea vizuri. Lakini kesho ndio uniulize. Leo nimechoka kuusikiliza."

Jackton akaitikia, akaenda kumkatia ng'ombe nyasi.