Ruhusa Niliyoiacha Bila Tarehe

Ningekataa. Siku ile ningemwambia shemeji yangu kwamba siku tatu zinamtosha na sauti atakayosikia ni moja tu, ya marehemu baba yake. Tungemaliza mbege yetu, ile pombe ya ndizi, tukaagana vizuri, na leo ningewaandikia hapa gazetini habari za mvua na kahawa kama kawaida yangu, mkasoma nusu na kufungia maandazi nusu nyingine. Sikukataa. Na Jumamosi iliyopita nilikaa benchi la mwisho kabisa katika ibada ya kumuaga mama mmoja wa Soweto, hapa Moshi mjini, kabla mwili wake haujasafirishwa kwenda kuzikwa kwao Singida. Figo zilimshinda. Wasifu wake ulisema alitunza kompyuta za kiwanda huko tambarare kwa miaka mingi, aliimba sauti ya pili kwaya, alifuga kuku. Sisi wazee wa Machame hatukutajwa. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, halafu nikaona aibu kwa kile nilichokuwa nikishukuru.

Tulimfahamu tulipoanza kurekodi sauti za wazee wa kijiji chetu: nani alichimba mfongo upi wa maji, kihamba kipi, yaani shamba la ukoo, kilianzia wapi, nani alilelewa na nani. Baadhi walikubali kusema kwa sharti moja, kwamba maneno yao yasisikike mpaka watakapokufa. Mmoja wao alikuwa dada yangu mkubwa. Tukahitaji mahali pa kufungia sauti hizo, na mama huyu akajitolea bila kudai kitu. Mimi nikachaguliwa mwenyekiti wa shughuli, kwa kuwa nilikuwa na miwani na kidato cha nne.

Rekodi zilihifadhiwa klaudi, “wingu” kwa Kiingereza, yaani kwenye kompyuta za watu wa mbali, na zilifungwa kwa namna ambayo hata wenye kompyuta hizo wakizisikiliza wangesikia mvumo tu. Ufunguo nao ulikaa huko huko. Siku aliyonieleza hayo niliinua macho kutazama wingu lililokuwa limefunika kilele cha Kibo. Hakucheka. Alisema, “Si hilo, mzee,” akaendelea. Ufunguo wenyewe hakabidhiwi mtu, akasema. Mwenyekiti anatoa ruhusa ya kuutumia, na katika ruhusa anaandika mambo matatu: ni nani, afungue sauti ipi, mpaka siku gani. Siku hiyo ikifika ruhusa inakufa yenyewe, hata kama mwenyekiti amesahau au amelala.

Kilichonishangaza ni kwamba yeye aliyejenga kila kitu hakujiachia hata upenyo. Kila alipotaka kusafisha rekodi alinipigia simu.

“Shikamoo mzee. Naomba ruhusa ya siku mbili, rekodi namba sita, kufungua tu.”

“Marahaba. Si ujipe mwenyewe, mama? Wewe ndiye fundi.”

“Fundi aliyekujengea nyumba unamwachia aingie mpaka chumbani?”

“Haya basi, nakupa mwezi mzima.”

“Mzee, sikuomba mwezi.”

Na akimaliza kazi kwa siku moja, aliirudisha ile siku iliyobaki. Alinitumia ujumbe: nimemaliza, nimerudisha. Mimi niliona ni maringo. Hata alipokuja nyumbani, kabla hajakaa alikuwa akisema, “Nipo mpaka saa kumi.” Mke wangu ilimuudhi sana. “Nani kamuuliza?” alininong'oneza jikoni. Kwetu mgeni haulizwi anaondoka lini. Ukimuuliza ni kama umemfungulia mlango atoke. Yeye alijitajia mwenyewe, na saa kumi aliinuka hata kama kiburu cha ndizi na maharage kilikuwa hakijaiva.

Sasa shemeji. Huyu ni mdogo wa marehemu mume wa dada yangu. Tulikuwa hatusemezani kwa sababu ya maneno aliyoyasema juu yangu kwenye harusi moja, maneno ambayo, nikisema kweli, hayakuwa ya uongo. Asubuhi moja akatokea uani kwangu na jani la isale mkononi. Kwa wasomaji wasio wa huku, isale ni mmea tunaoupanda mipakani, na anayekujia na jani lake anaomba msamaha ambao hatakiwi kunyimwa. Nikalipokea. Mbege ikaletwa, tukacheka. Ndipo akasema anatamani kusikia sauti ya baba yake, aliyerekodiwa kabla hajafa. Nikatoa tableti, na nakiri kwamba nilifurahi kupata mtu wa kumwonyesha. Nikaandika jina lake. Nikaandika siku tatu.

“Shemeji, hapo umeandika nini?”

“Siku tatu.”

“Siku tatu! Mimi mgeni wa lojingi? Au isale yangu imeshanyauka?”

Tukacheka tena, lakini ilinichoma. Nani aliwahi kuandika tarehe ya mwisho kwenye msamaha? Nikaifuta. Nafasi ya tarehe nikaiacha tupu. Ile ya kuchagua sauti ilitaka namba, na daftari la namba lilikuwa ndani, nami sikutaka kuinuka mbele ya mgeni kama karani. Nikachagua zote. Maandishi mekundu yakatokea kuniuliza kama nina uhakika. Nilikuwa na uhakika. Nina kipaji cha kuwa na uhakika.

Mama wa Soweto aliona kesho yake, akapiga simu. “Mzee, kuna ruhusa moja haina mwisho. Umekosea?”

“Sikukosea. Yule ni ndugu, na alikuja na isale.”

“Kusamehe hakuna tarehe, mzee. Lakini hii si kusamehe.”

“Mama,” nikamwambia, “nyinyi watu wa kuja hamwezi kuelewa isale.”

Akasema, “Sawa mzee.” Ndivyo nilivyomjibu mtu aliyekuwa akinizuia nisianguke.

Miezi ikapita. Desemba watoto wakarudi kutoka Dar na Arusha, ukoo wa upande wa shemeji ukakutana kihambani, nasi majirani tukaalikwa. Katikati ya maongezi shemeji akasimama, akaunganisha simu na spika. Tukasikia sauti ya dada yangu, polepole kama anavyosema siku zote. Alieleza kwamba marehemu mume wake alizihamisha isale za mpaka hatua nane kuingia upande wa mdogo wake, kwamba yeye alikuwepo akashika jembe la pili, na kwamba alinyamaza kwa kutaka amani nyumbani. Akamalizia: nikishakufa, mrudishieni. Dada alikuwa amekaa pale pale, kikombe mkononi, mbele ya watoto na wajukuu zake. Alijisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa Kichagga ni nani aliyefungua.

Watu wakamgeukia mwenyekiti. Na mwenyekiti, akiwa na tai yake ya kanisani, akasema, “Haya ni mambo ya mitambo. Yule mama wa kompyuta atakuwa ameacha wazi.” Shemeji aliniangalia, akatabasamu, akachomoa simu yake kwenye spika. Kwake ilitosha kwamba hatua zake nane zimesikika.

Tukamwita mama huyo aje pale pale. Alipanda kutoka mjini na bahasha kubwa ya kaki. Hata hakukaribishwa kiti.

“Tulisema tangu mwanzo! Mambo ya ukoo unampaje mtu wa kuja?”

“Ametuanika huyu!”

Dada yangu hakupiga kelele. Alisema, “Nilikupa maneno yangu ukaniapia. Mungu atakulipa kwa haya,” na ilikuwa mbaya kuliko kelele.

Mama wa Soweto alinitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu, ambavyo nakumbuka siku hiyo viling'aa sana. Akasema, “Nisamehe mama. Sikupaswa kutengeneza mahali ambapo mtu anaweza kuacha tarehe tupu.” Hilo lilikuwa kosa lake, na alilitaja. Nikangoja ataje na langu. Hakulitaja.

Nikamsindikiza mpaka njiani. Hapo akafungua bahasha akanipa karatasi. Kila ufunguo ulipotumika palikuwa pameandikwa: aliyeruhusu ni mimi, aliyeruhusiwa ni shemeji, sauti ni zote, mwisho hakuna. “Bado iko wazi mpaka leo, mzee,” akasema. “Ifunge wewe mwenyewe.”

“Kwa nini hukuwaonyesha?”

“Nimekuachia useme mwenyewe.”

“Mpaka lini?”

Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. “Hiyo nayo sijaiandikia tarehe.”

Niliifunga ruhusa ya shemeji jioni ile. Kusema niliahirisha. Nilijiambia nitasema Pasaka, watu wakishapoa. Pasaka nikasema baada ya mavuno. Nilikuwa na nafasi isiyo na mwisho, na mtu mwenye nafasi ya namna hiyo hana haraka. Nimefikiri sana juu yetu watu wa milimani. Tunajisifu kwa ukarimu, mlango wazi, chungu jikoni, lakini kitu kikiharibika tunajua kumtafuta yule asiye na kaburi la babu yake hapa. Na sisi wazee tumepata bahati nyingine, kwamba sasa ipo mitambo. Zamani ukivunja kitu ulimsingizia mbuzi, na mbuzi walau alikuwa na watu wa kumtetea.

Wiki mbili kabla hajafa alinitumia ujumbe. “Shikamoo mzee. Nimerudisha ruhusa yangu, ilikuwa imebaki siku nne. Siihitaji tena.” Nikamjibu: “Marahaba. Sawa mama, kazi njema.” Kazi njema! Alikuwa kitandani hospitalini, anarudisha siku nne za watu, nami namtakia kazi njema.

Jumapili, siku moja baada ya ibada ile ya kumuaga, nilipanda kwa dada na ile karatasi. Alivaa miwani akaisoma mstari kwa mstari.

“Kumbe ni wewe.”

“Ni mimi.”

“Na yule mama?”

“Wamemsafirisha jana.”

Akaikunja karatasi mara nne. “Nilimlaani mtu wa watu bure. Na wewe ulikuwepo ukanisikiliza.” Akaingia ndani, akafunga mlango.

Basi wasomaji wangu, kwa wale waliokuwa kihambani siku ile na bado wanasimulia: mama wa Soweto hakufungua kitu. Ni mimi. Na mkimpa mtu ruhusa, hata ndugu, hata aliyekuja na isale, mwandikieni siku, na nyinyi wenyewe mkiwa na jambo la kukiri, jiandikieni. Niliogopa kumuudhi shemeji kwa tarehe moja. Imenigharimu dada yangu. Anaishi upande wa juu wa kihamba changu, moshi wa jiko lake nauona kila asubuhi, na hanisemeshi.