Foni ya Tantine na Maji ya Terre

Rafiki yangu, ngoja nikuambie. Nilikuwa mtaa wa Mapendo, kwa tantine, dada ya papa, kumsaidia kupanga chumba. Nikapindua meza ya zamani ya foni, na chini yake nikaona waya mbili alizozichomelea kwa mkono wake. Zilitoka nyuma ya foni, zikafuata mguu wa meza hadi kwenye swichi ndogo ya taa, pale goti lake lilipokuwa linakaa. Nikaunga betri ya gari, foni ikavuma. Nikabonyeza swichi. Spika kimya! Sauti yote imehamia kwenye kisikilizio cha sikioni. Mungu wangu! Kumbe foni haikuwahi kuwa na ugonjwa.

Unaikumbuka foni, ile redio ya kuitana na watu wa mbali kabla simu hazijatufikia. Sebule ya tantine ilijaa watu wanaoulizia ndugu zao wa Masisi, wa Walikale, wa Butembo. Aliitengeneza mwenyewe. Spika aliitoa kwenye mlango wa gari bovu, na chuma cha kuchomelea alikipasha kwenye mbabula, lile jiko la makaa, pembeni ya sufuria ya maharagi. Kilichomtesa ni terre, ile waya ya kwenda ardhini, maana jiwe letu la volkano halishiki unyevu. Akachimba shimo, akalijaza majivu na chumvi, na sisi watoto tukawa watu wa kulimwagia maji tuliyobeba kwa bidon kutoka ziwani, Kituku. Tulinung'unika we!

Na foni ilikuwa inakohoa sana. Sauti ya mbali inauliza, "Tantine, uko na watu?" Yeye anajibu, "Niko nao," na hapo hapo spika inakatika. "Terre imekauka! Watoto, maji!" Wageni wanaambiwa warudi kesho. Sisi tulidhani lile swali ni salamu tu.

Kisha ikaja zamu yetu. Papa alikuwa ameenda Walikale kununua mafuta ya mawese, akakawia mno. Tulikaa wote mbele ya foni kumngoja. "Uko na watu?" "Niko nao." Foni ikakohoa. "Mutoto, maji!"

Nilimwaga bidon nzima, nikashuka ziwani, nikarudi na ingine. Mgongo unaniuma, naliomba lile jiwe linywe haraka nimsikie papa. Ndani, tantine ameshafungua foni, chuma kiko kwenye makaa, anachomelea. "Bado kidogo," anatuambia. Asubuhi wazee wa familia walifika, wakatukalisha, wakatuambia papa hayupo tena. Na mimi nimeishi miaka yote nikiamini kwamba ningekimbia zaidi, ningeikuta sauti yake.

Basi, siku hiyo ya kupanga chumba, tantine alikuwa barazani anamenya maharagi. Nikamwonyesha ile swichi. Hata hakushtuka.

"Habari ya kifo haimwangukii mutu katikati ya wageni," akasema. "Wazee wafike kwanza. Nani angekushika siku ile?"

"Kwa hiyo ulikuwa unajua? Saa ile mimi nabeba maji?"

"Nilijua."

"Na kwenye foni ulikuwa unatengeneza nini?"

"Foni ilikuwa muzima. Nilichomoa waya, nikaichomelea. Nikaichomoa tena, nikaichomelea tena. Mikono ingesimama, ningemulilia ndugu yangu, na mungejua wote."

Nikakaa chini, nikamenya naye maharagi huku machozi yananitoka, na yeye ananiangalia tu.

Sasa milingoti ya antena imekuwa kuni zamani, na lile shimo la majivu limejengewa choo. Habari zinaingia kwenye simu, na picha juu. Juzi jirani yetu alisoma kifo cha mama yake pale Kituku, ameshika mfuko wa sambaza, wale samaki wadogo, katikati ya soko. Alipiga kelele mpaka wavuvi wakageuka. Hakuna mtu aliyemtuma kwanza maji.